Bi Mikono na Makofi ya Mapema

Gunia lilianguka mara ya tatu asubuhi ile, na Bi Mikono akarudisha pembeni mkono alioutanguliza, akafumba macho kama mtu aliyejing'ata ulimi.

Lilikuwa gunia la mchanga, kilo ishirini na tano, uzito wa mtoto wa miaka minane aliyekula akashiba. Alilishona mwenyewe, akalifunga mshipi katikati ili lipate kiuno, akalivika fulana na kaptura nyeusi za kitoto. Watoto wa ukumbi ule wa sarakasi walilibandika jina la Kaka Mkubwa, maana wengi wao walizaliwa likiwa tayari kazini. Na kila kocha mpya, awe ametoka wapi, awe na vyeti vingapi, alianza na Kaka Mkubwa. Mmoja analisukuma kinyumenyume kutoka juu ya kasha la sponji, mwingine analipokea, analipindua hewani, analisimamisha godoroni taratibu. Ukiliangusha unaliomba radhi kwa sauti, wote wasikie, kisha unachukua ufagio. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

"Samahani, Kaka Mkubwa," alisema kocha mpya.

"Unajua kwa nini ameanguka?" Bi Mikono aliuliza, macho bado kayafumba.

"Ameteleza, Kocha."

"Gunia limeteleza."

"Kidogo tu."

"Gunia halina miguu, mama. Limeteleza na nini?"

Makocha wapya wengine wawili wakaangalia dari ili wasicheke.

"Ameanguka," alisema Bi Mikono, "kwa sababu ulikuwa unampigia makofi."

Kweli alikuwa anapiga makofi. Mwanamke huyu alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na tisa kati ya hiyo alikuwa amefundisha chekechea. Huko alimpigia makofi mtoto aliyemaliza uji, mtoto aliyepenga kamasi bila kusaidiwa, mtoto aliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kushoto. Mikono yake ilikuwa imezoea, ikawa haingoji tena ruhusa ya mwenyewe. Hata jina lake halisi halikudumu siku mbili pale ukumbini. Wakamwita Makofi, akaitika.

Na kosa lake halikufichika, kwa sababu ya chaki. Pale ukumbini kocha mpya hupakwa viganjani ile chaki nyeupe ya unga ambayo wanamichezo hujipaka mikono isiteleze. Mtoto anavaa nyeusi, kocha ana viganja vyeupe. Mazoezi yakiisha Bi Mikono humgeuza mtoto na kumsoma mgongo kama mtu anayesoma gazeti. Kiganja kimoja kinatakiwa chini ya mgongo, kingine nyuma ya paja, na mahali pengine popote ni aibu ya kocha. Makofi alipopiga makofi yake, wingu jeupe lilipanda hewani kabla gunia halijafika chini. Kila mtu aliliona.

"Fagia," alisema Bi Mikono.

Angekuwa na muda, angecheka. Lakini ilikuwa Jumatatu, na alikuwa na mpaka Jumamosi.

Wiki iliyotangulia daktari wa mifupa alilishika bega lake la kulia, akalizungusha mara moja, likalia kama bawaba isiyopata mafuta.

"Mama, hili bega lina miaka sabini."

"Daktari, mimi nina arobaini na nane."

"Ndiyo nakwambia. Limekutangulia."

Akampa miezi sita ya kutonyanyua kitu chochote kizito kuliko sufuria, kuanzia Jumamosi hii ikipita. Bi Mikono akaipeleka barua ile kwa mwenye ukumbi, mzee mpole aliyekuwa na funguo nyingi kuliko milango. Mzee akaisoma, akaikunja, akaifunua, akaisoma tena.

"Kocha, sikufukuzi. Lakini wale wanaobinuka nyuma ni watoto kumi na wawili, na hakuna mtu wa kuwashika ila wewe. Ukiidhinisha mwingine kabla ya Jumamosi saa nne, kundi linabaki. Usipoidhinisha, saa ile nawapa wale wa mazoezi ya muziki. Wameniomba mara tatu."

Lile kundi Bi Mikono alilijenga kwa miaka kumi na mmoja. Alilianza na watoto wawili na godoro moja lililotoboka. Na kuidhinisha kocha hakukuwa jambo la kutia saini tu, kwa sababu sharti aliliweka mwenyewe: haidhinishwi kocha mpaka Bi Mikono ampe mgongo. Yaani mtoto abinuke, kocha amshike, na Bi Mikono aangalie ukuta. Akishindwa kuangalia ukuta, basi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewapa mgongo watu wawili tu. Mmoja aliolewa akahama. Mwingine alifungua ukumbi wake, na mpaka leo hajarudisha kasha la sponji.

Sasa alikuwa na hawa watatu, na siku tano.

Wa kwanza aliitwa Bingwa, kwa kuwa alikuwa bingwa kweli, medali alizivaa siku ya usaili. Jumanne Bi Mikono alimwambia awaonyeshe wenzake namna ya kumshika mtoto. Bingwa akavua viatu, akarudi hatua nne, akabinuka mara tatu mfululizo, akatua wima kama msumari.

"Nimewaonyesha, Kocha."

"Umewaonyesha nini?"

"Namna ya kubinuka."

"Watoto wanajua kubinuka, baba. Wewe ndiye hujui kushika."

Alipopewa mtoto, alimkamata makwapani, akampitisha hewani na kumweka upande wa pili kama mtu anayepakia mzigo kwenye lori. Watoto walifurahi mno. Kufikia Jumatano hawakuruka tena. Walisimama tu mbele yake na kunyoosha mikono, wakingoja kubebwa.

Wa pili aliitwa Daftari. Huyo alisoma mambo ya mwili wa binadamu chuoni, na hakuna alichoambiwa bila kukiandika. "Kocha, nyonga iwe kwenye pembe ya digrii ngapi?" Wakati anauliza, mtoto aliyekuwa zamu yake alikuwa ameshabinuka, ameshatua, na amesimama nyuma yake akisubiri jibu naye. Jumatano mchana Daftari aliaga kwa barua ya ukurasa mmoja na nusu, yenye vichwa vya habari. Bi Mikono aliisoma yote. Ilikuwa barua nzuri sana, akasema, na akaomba Mungu ampe uvumilivu.

Akabaki na Makofi.

Makofi, lazima tuseme haki, alikuwa na mikono. Viganja vipana, vidole vinavyojua mtoto yuko wapi kabla jicho halijajua. Watoto walimwendea bila kusukumwa. Panzi, binti wa miaka tisa aliyekuwa na tabia mbaya kuliko zote za sarakasi, ya kughairi akiwa hewani, alimwendea Makofi mwenyewe akasema, "Nishike wewe." Na Makofi akamshika vizuri, mgongo na paja, mpaka pale Panzi alipofikisha mikono godoroni na miguu ikiwa inakuja. Hapo, pwaa! Makofi. Wingu jeupe.

Bi Mikono alikuwa ameshafika. Alichomoka kama paka, akatia mkono chini ya mgongo wa Panzi, akamsindikiza mpaka chini. Bega likatoa sauti ambayo hata Bingwa, kule mwisho wa ukumbi, aliisikia.

"Mama wee," alisema Bi Mikono, ameinama, ameshikilia magoti. "Miguu! Miguu kwanza! Huwezi kumshukuru dereva wakati gari bado linakwenda!"

"Samahani, Kocha."

"Usiniombe mimi. Muombe Panzi."

"Samahani, Panzi."

"Sijaumia," alisema Panzi. "Kocha Mikono alikuwepo."

"Kocha Mikono alikuwepo," Bi Mikono alirudia kwa uchungu. "Jumatatu Kocha Mikono atakuwa wapi?"

Jioni ya Alhamisi alirudi nyumbani akiwa ameubeba mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Mumewe, fundi wa friji, alikuwa amepiga magoti sebuleni nyuma ya friji la jirani, tochi mdomoni.

"Vipi wanafunzi wako?"

"Usiniulize."

"Sikuulizi. Vipi wanafunzi wako?"

Akamwambia. Alimwambia habari za wale waliobebwa kama mizigo, na ile barua yenye vichwa vya habari, na zaidi ya yote yale makofi. Kwamba ameeleza kwa upole, ameeleza kwa ukali, ameeleza kwa mfano wa dereva. Kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Kwamba Jumamosi watoto kumi na wawili watatolewa nje ili watu wazima warukeruke na spika.

Mumewe alitoa tochi mdomoni.

"Yule mwenzangu wa karakana unamkumbuka? Miaka miwili hakujua kuchomelea bomba la shaba. Kila nikimpa naona anakosea, nampokonya. Siku nilipovunjika kidole gumba, akachomelea. Mpaka leo halivuji."

"Mtoto si bomba la shaba."

"Kweli kabisa. Bomba halikui." Akarudisha kichwa nyuma ya friji. "Nipe hiyo bisibisi ya msalaba. Lakini naomba kuuliza kitu kimoja. Yeye akimshika mtoto, mkono wako huwa uko wapi?"

"Pembeni."

"Pembeni wapi?"

Bi Mikono alimpa bisibisi isiyo ya msalaba, makusudi.

Lile swali lilimkera usiku mzima, na kinachokera usiku mzima mara nyingi kina ukweli ndani yake. Ijumaa alifika ukumbini mapema, akaingia chumba cha vifaa, akamwaga sakafuni kapu la fulana za wiki ile ambazo hazijafuliwa. Fulana tisa. Akazipanga moja moja juu ya godoro, migongo juu, akazisoma.

Miaka mingi nyuma kisigino cha mtoto kilimvunja kidole cha pete cha mkono wa kulia, na kidole kikaunga vibaya, kikabaki kimepinda kama ndoano. Yeye si kocha mpya. Hakupaswa kuwa na chaki viganjani. Lakini miaka thelathini ya mazoea si kitu cha kuvua kama viatu. Kila asubuhi alitumbukiza mikono kwenye ndoo ya chaki bila kujua, kama mtu anavyowasha taa akiingia chumbani.

Fulana ya kwanza ilikuwa na viganja vitatu. Cha tatu kilikuwa na ndoano.

Ya pili, ndoano. Ya tatu, ndoano ilikuwa juu kabisa, imefunika kiganja cha Makofi kama kifuniko cha chungu. Alizipitia zote tisa. Hakukuwa na hata moja ambayo mkono wake haukuwahi kufika. Wiki nzima alikuwa anasoma makosa ya watu, na sahihi yake mwenyewe imo katika kila ukurasa.

"Shikamoo, Kocha," ilisema sauti mlangoni. Makofi alikuwa na ufagio. Alikuwa bado anadaiwa ufagiaji wa jana.

"Marahaba. Njoo hapa. Nijibu kama mtu mzima. Kwa nini unapiga makofi mapema?"

Makofi akaangalia zile fulana, akamwangalia Bi Mikono, akauangalia ufagio.

"Sipigi mapema, Kocha. Napiga nikiuona mkono wako. Nikiuona mkono wako, najua mtoto kashafika."

Bi Mikono akakiangalia kidole chake kilichopinda.

"Na kwa nini hukuniambia hivyo tangu Jumatatu?"

"Ulisema wiki ya kwanza kocha mpya anafunga mdomo."

Alikuwa amesema. Ilikuwa kanuni ya nne, ameiandika kwa mkono wake na kuibandika juu ya ndoo ya chaki. Bi Mikono akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyemtafuta mwizi nyumba nzima akamkuta amevaa viatu vyake. Alikuwa na hasira, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuwa na mtu wa kumpelekea.

"Weka ufagio," alisema. "Bingwa! Mlete Kaka Mkubwa."

Akakaa kwenye benchi, akaikalia mikono yake yote miwili.

Gunia la kwanza Makofi aliliacha lidondoke, kwa sababu alikuwa anautafuta mkono usiokuwepo. Akaomba radhi. La pili alilishika kwa woga kama mtu aliyeshika nyoka. La kumi alilipindua vizuri, akalisimamisha, akatazama benchi.

"Usinitazame mimi! Mimi si mtoto wako!"

Bingwa alilisukuma gunia mara arobaini asubuhi ile bila kulalamika, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba kuna kazi aliyoumbiwa. Mara thelathini na nane hakukuwa na makofi ya mapema. Ya thelathini na tisa, pwaa, wingu. Bi Mikono akauma midomo, na mikono yake chini ya mapaja ikaruka kama samaki. Ya arobaini ilikuwa safi. Lakini gunia haliogopi wala halighairi, na kesho isingekuwa gunia.

Jumamosi saa tatu na nusu mwenye ukumbi alisimama mlangoni na funguo zake. Nyuma yake alikuwepo kiongozi wa mazoezi ya muziki, mtu mchangamfu mwenye kitambaa cha jasho kichwani, tayari ameshaingiza spika.

"Sina haraka, Kocha," alisema.

"Spika lako lina haraka," alisema Bi Mikono.

Watoto kumi na wawili walikaa ukingoni mwa godoro. Walijua. Watoto hujua kila kitu kinachosemwa ofisini.

"Nani anabinuka?"

Ukapanda mkono mmoja tu, na kati ya mikono yote duniani, ulikuwa wa Panzi. Bi Mikono alitaka kusema hapana, mwingine. Alitaka kumchagua yule mtulivu mwenye miguu mizito, ambaye angebinuka hata akishikwa na gunia lenyewe. Akafungua mdomo. Akaufunga. Jumatatu Panzi angekuwa kwenye zamu vilevile, hata kama kocha anamwogopa.

"Haya," alisema. Akageuka, akawapa mgongo.

Mbele yake palikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa, na vyuma vya kupandia vilivyopigiliwa ukutani. Akavishika kwa mikono miwili. Ndipo alipogundua kwamba vidole vyake vina chaki. Alikuwa ameitumbukiza tena mikono ndooni, wala hakumbuki lini.

"Uko tayari, Panzi?" Sauti ya Makofi, ya chini.

"Niko tayari."

Alizisikia nyayo zikijipanga godoroni. Akasikia pumzi ya Panzi, ile ya kuvuta, na godoro likilia miguu ilipoliacha. Baada ya hapo sauti zilijulikana, angezihesabu hata usingizini: viganja viwili vya mtoto, pa, halafu miguu miwili kwa pamoja, tu.

Viganja havikulia.

Alikuwa ameghairi. Bi Mikono alijua kama anavyojua kiungo chake kinachouma. Panzi alikuwa hewani, ameukunja mgongo, amebadili mawazo, na sasa si mchezo tena, ni mtoto anayeanguka kwa kichwa. Bega la Bi Mikono lilianza safari lenyewe. Akakaza vidole kwenye chuma, kile kilichopinda nacho kikakaza, mpaka chaki ikamwagika juu ya viatu vyake. Hakugeuka. Nyuma yake hakukuwa na kelele wala makofi. Alisikia pumzi nzito ya mwanamke aliyebeba kitu, na kitambaa kikisuguana na ngozi.

Halafu pa.

Halafu, baada ya muda ambao ungetosha kuchemsha maji, tu.

Bado hakukuwa na makofi. Alingoja. Ukumbi wote ulingoja, hata funguo za mzee zilinyamaza. Ikapita nusu dakika, au labda pumzi mbili tu, na ndipo yakaja, pwaa, pwaa, pwaa, na kilio ndani yake, na watoto kumi na mmoja wakidakia.

Bi Mikono hakugeuka mara moja. Alikuwa na uso ambao hakutaka mwenye ukumbi auone. Alipogeuka, Panzi alikuwa wima katikati ya wingu jeupe akipiga chafya.

"Kocha, nilighairi," alisema. "Halafu nikaghairi kughairi."

"Nimesikia. Geuka."

Akamsoma. Kiganja kimoja kilikuwa chini ya mgongo, kimekandamizwa hasa, kila kidole kinahesabika. Kingine kilikuwa nyuma ya paja. Akatafuta ndoano mara mbili, kwa mazoea. Haikuwepo.

"Cha paja kimepanda vidole viwili," alisema.

"Ndiyo, Kocha." Makofi alikuwa ameikumbatia mikono kifuani, fulana yake mwenyewe imejaa chaki.

"Jumatatu unaanza tena na Kaka Mkubwa. Mara ishirini, kabla watoto hawajafika."

"Ndiyo, Kocha. Kwa hiyo..."

Lakini Bi Mikono alikuwa ameshaelekea mlangoni. Mwenye ukumbi alimshikia karatasi ya idhini mgongoni mwa kiongozi wa mazoezi ya muziki, maana meza haikuwepo karibu, na Bi Mikono akatia saini hapo hapo, kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama walevi. Mtu mchangamfu akacheka, akaenda kuchomoa spika lake.

"Umeidhinisha?" aliuliza Bingwa, ameshika fundo la gunia.

"Nimempa mgongo au sikumpa?"

Kisha akamgeukia Makofi, ambaye mikono yake ilikuwa inaachana taratibu kifuani, ikijiandaa.

"Ole wako," alisema Bi Mikono. "Chukua ufagio. Umemwaga chaki ukumbi mzima." Akaangalia chini ya vile vyuma vya ukutani, viatu vyake vilipokuwa vimeacha alama mbili katikati ya unga mweupe. "Na ile ya pale ukutani iache. Ile nitafagia mwenyewe."